Rimu ya Lori Iliyopinda: Inyooshwe au Inunuliwe Nyingine?

Katika hesabu za vyama vya msingi vyenye lori, liko fungu dogo la matumizi ambalo wajumbe wa Bodi hulipitisha bila swali. Hati ya malipo huandikwa "kunyoosha rimu moja", fundi hutia sahihi, na fedha zenyewe huwa si nyingi. Mkaguzi akizikusanya hati za mwaka mzima ndipo huona kwamba rimu ileile imenyooshwa mwezi Mei, imenyooshwa tena Julai, na mwezi Septemba iko hati ya tairi jipya la gurudumu hilohilo. Stakabadhi zote zipo na hesabu zimekaa sawa, wala hakuna senti iliyoibwa. Hata hivyo chama kimepata hasara, na hasara hiyo ya fedha ni ndogo ikilinganishwa na ile ambayo ingeweza kutokea barabarani.

Makala haya yamekusudiwa kwa wajumbe wa Bodi, Makatibu Meneja na madereva wa vyama wanachama. Swali letu ni moja: rimu ya lori ikipinda kidogo, je, inyooshwe, iachwe ilivyo, au itolewe kazini na kununuliwa nyingine? Jibu langu nalitoa mapema. Rimu iliyopimwa ikaonekana kuyumba ndani ya kipimo kinachokubaliwa iachwe kama ilivyo, iendelee na kazi. Iliyozidi kipimo, au iliyopinda mahali pasipovumilika, au yenye ufa, itolewe. Njia ya tatu, yaani ya nyundo, gesi na kuchomelea, haifai kwa lori la mizigo, ingawa ndiyo inayopendwa kuliko zote. Sababu zake nitazieleza.

Kwanza ithibitike kuwa kosa ni la rimu

Dereva husema "rimu imepinda" anapoona gurudumu linayumba au anapohisi usukani unatetemeka. Mara nyingi husema kweli, lakini si mara zote. Beringi iliyolegea hulifanya gurudumu zima licheze. Tairi lililovalishwa vibaya, mdomo wake ukazama zaidi upande mmoja, huyumba juu ya rimu iliyo nzima kabisa. Udongo mkavu au kutu iliyonasa kati ya rimu na habu, yaani kitovu chenye boliti, huilaza rimu upande. Kadhalika nati zikikazwa kwa kufuatana badala ya kupishana, matokeo huwa hayohayo. Nimepata kukikagua chama kilichonunua rimu mbili mfululizo na mtikisiko usiondoke, kumbe habu ndiyo iliyokuwa mbovu.

Upimaji hauhitaji chombo cha ghali. Lori lisimamishwe mahali tambarare likiwa halina mzigo, magurudumu mengine yawekewe kabari mbele na nyuma, kisha ekseli inyanyuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara. Mtu yeyote asiingie chini ya lori lililobebwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi ishughulikiwe kwanza, maana vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa vya uongo. Lisipocheza, chukua kipande cha waya mgumu, ukifunge juu ya kigogo kizito kisichosogea, na ncha yake uielekeze kwenye ukingo wa rimu kwa ubavuni. Zungusha gurudumu taratibu huku ukipima kwa rula nafasi iliyopo kati ya ncha na chuma. Penye nafasi kubwa kabisa tia alama ya chaki, na penye nafasi ndogo kabisa tia nyingine. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi cha kuyumba kwa ubavu. Rudia kazi hiyo kwa ukingo wa ndani, kisha pima pia jinsi rimu inavyopanda na kushuka inapozunguka. Kipimo hiki cha mwisho huwa cha hakika zaidi tairi likiwa limetolewa.

Kwa rimu za chuma za malori, kikomo kinachotumiwa sana ni karibu milimita 2, na kwa zile za aluminiamu ni pungufu ya milimita 1. Ikiwa kitabu cha gari au cha mtengenezaji wa rimu kinataja kipimo kingine, kifuatwe hicho.

Kuyumba kukizidi kikomo, bado rimu isihukumiwe. Tia alama ya chaki kwenye rimu na nyingine kwenye habu mkabala wake. Fungua nati, safisha kwa brashi ya waya nyuso zote mbili zinazogusana, geuza rimu mpaka alama yake ifike upande wa pili wa habu, kaza upya, kisha pima tena. Mahali panapoyumba pakihama pamoja na rimu, kosa ni la rimu. Pakibaki palepale penye alama ya habu, rimu haina hatia na fedha za chama zielekezwe kwingine. Kazi hii yote humalizika kwa muda mfupi, nami sioni sababu ya chama chochote kulipia rimu, mpya au ya kunyooshwa, kabla ya kuifanya.

Mahali palipopinda

Ukingo wa nje hupinda kwa kugonga jiwe, kona ya kalvati au shimo lenye kingo kali, hasa tairi likiwa na upepo pungufu au lori likiwa limezidishiwa mzigo. Pindo la namna hiyo huonekana kwa macho, na ndilo linalomshawishi mtu kuchukua nyundo. Kwa tairi lisilo na tyubu upepo huvujia hapo, na dereva huzoea kuongeza upepo kila asubuhi kana kwamba hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Sahani ya katikati, yaani bamba lenye matundu ya boliti, ni jambo zito zaidi. Ikipinda, au matundu yake yakipanuka na kuwa na umbo la yai, hapana kipimo cha kuvumilia: rimu hiyo kazi yake imekwisha. Matundu hupanuka kwa sababu lori limetembea na nati zilizolegea, na dalili yake ni michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati na kuelekea nje. Nyufa nazo hupenda kuanzia kwenye matundu hayo, kwenye matundu makubwa ya mkono, na mahali sahani ilipoungwa na duara la rimu. Ufa mwembamba hauonekani kirahisi. Njia ya zamani ya kuutafuta ni kusafisha chuma mpaka king'ae, kupaka mafuta ya taa, kusubiri kidogo, kufuta kabisa, kisha kupaka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka polepole na kuchora mstari juu ya chaki.

Napenda nikae kidogo juu ya rimu za vipande. Malori mengi ya zamani hutumia tairi lenye tyubu juu ya rimu yenye ringi ya kufungia. Tairi ambalo kipimo chake cha rimu ni inchi kamili, kama 9.00-20 au 10.00-20, na mara nyingi lile la 7.50-16 la lori dogo, huvalishwa juu ya rimu ya namna hiyo. Lenye nusu inchi, kama 22.5, huwa halina tyubu na rimu yake ni ya kipande kimoja. Ringi ya kufungia hukaa ndani ya mfereji mwembamba ulio kwenye ukingo wa rimu, na tairi huzuiwa lisiruke na ringi hiyo pamoja na mfereji huo. Tairi la lori hujazwa upepo wa pauni 100 hivi kwa kila inchi ya mraba, na ubavu mmoja wa tairi una mamia ya inchi za mraba. Msukumo wote hufikia tani kadhaa. Ringi iliyopinda kidogo haikai sawasawa katika mfereji, hivyo mzigo wote huo hushikiliwa na sehemu chache tu za chuma. Ringi ikifyatuka, aliyeinama mbele yake akiwa ameshika mpira wa upepo kwa kawaida ni utingo au kijana wa kuziba pancha, ambaye hakuwapo Bodi ilipokataa kununua rimu.

Marekani ilitoa mwaka 1980 kanuni ya usalama kazini kuhusu rimu za vipande, na mwaka 1984 ikaipanua ihusu pia rimu za kipande kimoja za malori. Kanuni hiyo inakataza rimu iliyopinda au kupasuka isirekebishwe, isichomelewe wala isipashwe moto. Inataka itiwe alama na kuondolewa mahali pa kazi. Inataka pia tairi la rimu ya vipande lijazwe upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma, na mjazaji asimame pembeni, mbali na njia ambayo ringi ingeweza kurukia, akitumia mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana chenyewe. Sisi hatufungwi na kanuni za Marekani, lakini chuma cha rimu zetu ni kilekile, na kizimba kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote mzuri wa kuchomelea kwa mabomba mazito. Hiyo ndiyo kazi ya kuchomelea ambayo ningependa kuiona katika hati za malipo.

Kwa nini kunyoosha hakurudishi nguvu

Chukua waya wa kawaida uukunje, kisha uunyooshe. Kwa macho umerudi kama ulivyokuwa. Ukirudia mara chache hukatika, tena palepale ulipokunjwa. Chuma cha rimu kilichopinda na kunyooshwa kwa nyundo kimeanza safari hiyo. Tairi la 10.00-20 huzunguka mara 300 hivi katika kilomita moja, kwa hiyo safari ya kilomita 100 ni mizunguko 30,000, na katika kila mzunguko mahali palipopigwa nyundo hubanwa na kuachiwa. Ufa huanza pasipoonekana, nao hukua bila kumwarifu mtu.

Moto nao huharibu kwa namna yake. Chuma kikipashwa mpaka kuwa chekundu kisha kikapoa ovyo, nguvu iliyotiwa kiwandani hubadilika, na hakuna fundi wa barabarani awezaye kusema imebaki kiasi gani. Rimu ya aluminiamu huathirika zaidi, kwani nguvu yake imetokana na kupashwa moto kwa vipimo maalumu, na moto wa gesi huiondoa. Aidha, ni hatari kubwa kuchomelea au kupasha moto rimu ambayo tairi lake bado limo, hata kama upepo umetolewa. Mpira ukiungua ndani hutoa gesi zinazoweza kulipuka. Onyo hili lihusu pia nati iliyoganda ambayo fundi hutaka kuilainisha kwa moto.

Wako watakaouliza mbona rimu za magari madogo hunyooshwa mijini kwa mashine na watu wanaendelea nazo. Gari dogo ni habari nyingine. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 juu ya ekseli ya mbele yenye matairi mawili, na tani 10 juu ya ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Gawanya mwenyewe: rimu ya nyuma hubeba mpaka tani mbili na nusu, na ya mbele mpaka tani nne. Tena lori letu halitembei juu ya lami pekee. Watengenezaji wa rimu za malori huandika katika maelekezo yao kwamba iliyopinda ibadilishwe, nao ndio wanaojua walichokitengeneza. Mgawo huo wa tani unaonyesha pia kwamba kuihamishia mbele rimu yenye mashaka, ati kwa kuwa huko dereva ataihisi mapema, ni kosa kubwa. Mbele ziwekwe rimu bora kuliko zote.

Hesabu yenyewe, na mahali inapokwama

Tuchukue tarakimu za mfano tu, na kila chama kitie bei za mahali pake. Tuseme kunyoosha rimu ni shilingi 50,000, rimu nzuri ni shilingi 300,000, na tairi ni shilingi 600,000. Tuseme tairi hilo, gurudumu likiwa sawa, hudumu kilomita 60,000. Kila kilomita basi hula shilingi 10 za tairi. Gurudumu likiyumba na tairi likaisha katika kilomita 40,000, kila kilomita imekula shilingi 15. Nyongeza ya shilingi 5 kwa kilomita 40,000 ni shilingi 200,000. Rimu ikinyooshwa mara mbili katika muda huo, ongeza shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 300,000, ambayo ndiyo bei ya rimu, na chama bado kinamiliki rimu mbovu. Hapo sijahesabu siku ambazo lori lilisimama mazao yakiwa yamejaa ghalani, wala gharama ya kukodi lori la mtu mwingine.

Ikiwa hesabu ni nyepesi kiasi hicho, kwa nini vyama huendelea kunyoosha? Nimelitazama jambo hili katika vitabu vya vyama vingi, na kwa maoni yangu lawama haiwaangukii madereva. Katibu Meneja ameruhusiwa kulipa kiasi kidogo kutoka katika fedha taslimu bila kusubiri idhini. Kunyoosha rimu kumo ndani ya kiasi hicho, lakini rimu yenyewe haimo. Ili kununua rimu ni lazima Bodi ikae, na Bodi hukaa kwa ratiba yake, wakati wanunuzi na wanachama wanasubiri lori leo. Dereva na Katibu Meneja huchagua lile ambalo utaratibu wa chama unawaruhusu kulichagua.

Dawa yake imo mikononi mwa Bodi. Katika kikao kimoja kabla ya msimu, Bodi ipitishe azimio kwamba rimu, ringi, boliti na nati za magurudumu ni vifaa vya usalama, na kwamba Katibu Meneja anaweza kuvinunua hadi kiasi kitakachotajwa, kisha atoe taarifa kikao kifuatacho. Kiasi hicho kitokane na bei halisi za sokoni. Pili, chama chenye lori kiwe na rimu moja nzima ghalani, ya kipimo sahihi, mbali na ile ya akiba iliyofungwa garini. Fedha zilizolala katika rimu hiyo hazilali bure.

Wakati wa kununua

Vyama vingi hununua rimu zilizokwisha kutumika, nami silipingi jambo hilo. Ila rimu ya namna hiyo ipimwe na kutafutwa nyufa kwa njia zilizoelezwa hapo juu kabla ya kulipa. Rangi mpya inayong'aa isimfurahishe mnunuzi, maana huenda imepakwa ili kufunika. Somwe maandishi yaliyogongwa juu ya chuma: kipimo, na uzito ambao rimu imeruhusiwa kubeba. Idadi ya matundu, umbali wake na kina cha sahani vilingane na rimu ya zamani, la sivyo magurudumu pacha yatagusana. Kwa rimu za vipande, ringi na rimu ziwe za aina moja na mtengenezaji mmoja. Ringi inayoelekea kufanana isilazimishwe kwa nyundo ikae.

Nati nazo zina aina zake. Malori ya zamani ya Kijapani yana nati zenye umbo la mviringo zinazoingia katika matundu yaliyochongwa kama bakuli, na za upande wa kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha za kulia. Malori mengi mapya yana nati za kukaa bapa. Ukichanganya rimu ya aina moja na nati za aina nyingine, zitaonekana kukaza na kumbe hazikushika.

Liko jambo dogo la kuongeza kuhusu rangi. Siku ya Ushirika Duniani, Jumamosi ya kwanza ya Julai, baadhi ya vyama hupamba malori yao, na rimu hupakwa rangi nzito kila mahali. Nyuso zinazogusana na habu, na mahali nati zinapokaa, zisipakwe rangi nzito. Rangi husagika safarini na nati hulegea. Kwa sababu hiyohiyo, rimu yoyote iliyofungwa upya inapaswa kukazwa tena baada ya kilomita 80 hadi 160, nati zikipishana, na dereva aandike tarehe na kilomita katika daftari la safari. Mkaguzi ana haki ya kuiomba kumbukumbu hiyo kama anavyoomba stakabadhi.

Rimu iliyokataliwa

Rimu iliyotolewa kazini haifai kuegemezwa ukutani nyuma ya ghala. Itafika siku ya shida, lori limekwama, na mtu ataikumbuka. Wala isiuzwe ikiwa nzima, kwani rimu kama hiyo hupakwa rangi na kurudi sokoni, na anayeinunua anaweza kuwa chama jirani. Ipigwe alama kubwa ya rangi siku ileile ilipokataliwa. Katika kikao kinachofuata Bodi iidhinishe ifutwe katika daftari la mali, na muhtasari utaje kipimo chake, gurudumu ilikotoka na sababu ya kukataliwa. Baada ya hapo ikatwe vipande viwili kwa gesi mbele ya mjumbe mmoja wa Bodi, tairi likiwa limekwisha kutolewa. Ringi yake ikatwe pia. Vipande hivyo ndivyo viuzwe, kwa kupimwa mizani, na stakabadhi ya mauzo iandikwe "chuma chakavu" na uzito wake kwa kilo, isiandikwe "rimu moja".